Kisu Kizima cha Dotto

Bunda, 19 Februari 2023

Kwa Shija mdogo wangu,

Mimi Kulwa Mashimba nina miaka themanini na tatu na bado nakula mahindi ya kuchoma kwa meno yangu mwenyewe. Nimeishi kuliko wake wawili, kiwanda cha pamba kilichoniajiri ujana wangu, kipindupindu kilichopita mtaani mara mbili, nyati aliyenivunja mbavu kule Ndabaka, na wenyeviti wa kijiji ambao hata majina yao siyakumbuki. Na sasa nimeishi kuliko Dotto, pacha wangu, ambaye alinifuataga nyuma kwa kila kitu isipokuwa kufa.

Hujambo na watu wa nyumba? Jicho linaendeleaje? Msalimie Ikhlas mjukuu wetu. Hapa Bunda jua linachoma, pamba imeota vizuri, mbuzi wa jirani wamekula mchicha wangu na nimewasamehe.

Usiniambie niwashe simu. Simu iko kwenye kopo la kahawa na itakaa humo humo. Neno la simu likishasemwa limepotea, mtu akikana huna pa kumkamatia. Mimi nilipata cheti cha kisomo cha watu wazima. Dotto alikataa kusoma, akaendelea kutia dole gumba mpaka mwisho wake. Kwa hiyo nitaandika, na yule mchuuzi wa dagaa, Kwangu, atakuletea kila akija mwaloni Mwigobero kufuata mzigo.

Nimehama. Nipo nyuma ya soko, chumba cha uani kwa Makoye mshona viatu, mlango wa bluu. Wazee walisema pacha aliyebaki lazima abadilishe pa kulala, mwenzake asimkute. Mimi sikuhama kwa ajili hiyo. Nimehama kwa kuwa chumba ni kikavu na visu vyangu vinataka ukavu. Vyote nimevitundika kwenye ubao, kila kimoja na msumari wake. Bunda nzima, weka na Musoma yako, hakuna mwenye visu vya kukunja kama mimi. Kipo chenye plaizi tumboni, kipo chenye kijiko na uma, kipo chenye saa ambayo haijawahi kwenda. Kila mtalii niliyemzibia tairi nilimwangalia mfukoni kabla ya usoni.

Lakini wafalme ni vile viwili vyekundu, vidole kumi na vinne kila kimoja. Kisu cha kukunja mimi nahesabu vidole: mkasi kidole, msumeno kidole, bisibisi kidole. Yule Mzungu wa kuchunguza ndege alivitoa viwili alipoambiwa sisi ni mapacha, maana apewacho mmoja na mwenzake apewe. Vyote nilivitunza mimi. Dotto angekatia sabuni.

Wewe ulikuwa umelazwa kwa ajili ya jicho, kwa hiyo nikueleze mazishi kabla Clementi hajakueleza vibaya. Huyo mwanawe Dotto namjua, anasimuliaga kila kitu kama hasara. Tulimzika Butiama nyuma ya nyumba yake. Stanislausi seremala alitengeneza jeneza la mninga, mfuniko akafunga kwa skrubu siyo misumari, nikamsifu. Ikafika zamu yangu. Unajua kwetu pacha akitangulia, aliyebaki anamwekea kitu chake humo ndani asije akamdai yeye mwenyewe. Na kitu kinavunjwa kwanza, jembe linakatwa mpini, chungu kinatobolewa. Nikatoa kimoja cha vile vyekundu. Wazee wakaleta jiwe na shoka.

Nikasema sivunji. Kisu ambacho sijawahi kukiacha hata kidole kimoja kipate kutu, leo nikigonge kwa shoka kama nazi? Nikakipaka mafuta, nikakilaza kifuani pake kikiwa kizima. Nikamwambia mbele ya watu wote, Dotto, kikiisha makali niletee nikunolee. Wengine walicheka. Clementi hakucheka, lakini Clementi hajacheka tangu azaliwe.

Shahidi wangu wa haya yote ni Makoye, alikuwepo na alikula sana.

Kaka yako Kulwa, mwenye cheti.


Nyasho, Musoma, 11 Machi 2023

Kaka yangu Kulwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na watoto. Sisi tu wazima, Alhamdulillahi. Bandeji wameitoa. Jicho moja linaona, jingine linaona ukungu, hata mtu akija mlangoni namjua kwa umbo na mwendo tu. Ikhlas anakusalimu. Paa limevuja juu ya cherehani ya marehemu mume wangu Shomari, ila bado inashona. Kwangu anakuletea chupa mbili za mafuta ya cherehani kama kawaida yako.

Kaka, barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Clementi alikuwa ameshanieleza, nikadhani anazidisha.

Kuvunja si kuharibu. Kuvunja ni kumwambia marehemu kazi imeisha, pumzika. Mtu ukimpa kifaa kizima umempa kazi. Na wewe hukuishia hapo, ukamwalika hata akilete kwako.

Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, ninajua wafu wanangoja siku yao. Lakini ni binti wa Mashimba pia, nimezaliwa nyuma yenu mapacha ndiyo maana nikaitwa Shija, na nilimwona baba akivunja kijiti chake cha ugoro siku aliyomzika baba mdogo, akilia. Kijiti cha ugoro, kaka. Alikipenda kuliko sisi.

Nakuomba kitu kimoja. Kile chekundu ulichobaki nacho, kivunje. Hivyo viwili vilitolewa pamoja. Ukivunja cha juu, huenda na cha chini kikasikia. Nilizika wazazi, nimezika mume, nimemkosa Dotto hata kumtupia udongo. Nimebaki na wewe tu ninayeweza kumwita kaka. Usinifanye nibaki Shija wa hewani.

Na washa simu.

Ni mimi, Mwanaupe. Wewe endelea kuniita Shija.


Bunda, 23 Aprili 2023

Kwa Shija,

Salamu. Mafuta yamefika, Kwangu hakunywa. Huku mvua ni nyingi, barabara ya sokoni imekuwa bwawa la bata. Makoye amepata kazi ya viatu vya kwaya nzima na anajidai utadhani yeye ndiye anaimba.

Kisu sivunji. Nimeandika mara moja, cheti changu hakiniruhusu kurudia.

Ila kuna jambo la kipumbavu nikueleze. Mwezi uliopita nimeamka, naangalia ubao, kile chekundu kimetoa kidole. Mkasi. Umesimama wazi kama mdomo wa kunguru. Nikaurudisha. Kesho yake asubuhi umetoka tena, na safari hii umebana nyuzi. Nyuzi nyeupe za shuka. Mimi shuka langu ni la bluu, ulinishonea wewe.

Nikamwita Makoye. Nikamwambia wewe ndiye unaingia kuchezea. Akasema, mzee, mimi kisu chako nitakifungua kwa lipi? Nikakiweka chini akakiokota, maana kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono, akajaribu kuutoa ule mkasi akavunja ukucha. Springi yake ni ngumu, inanijua mimi tu. Nikasema basi ni panya. Makoye akaniuliza panya huyo alisoma wapi.

Tangu Pasaka mkasi umetulia. Sasa inatoka bisibisi. Kila nikiamka imetoka, na ncha yake inang'aa kama iliyofanya kazi usiku kucha. Nasema ni unyevu wa mvua, chuma kinavimba. Mimi najua visu kuliko mtu yeyote wa mkoa huu, nikisema unyevu ni unyevu.

Shahidi wa mkasi na bisibisi ni Makoye na ukucha wake.

Kulwa.


Nyasho, 21 Mei 2023

Kaka Kulwa,

Salamu. Sisi wazima. Ikhlas amepata mchumba, kijana anaitwa Fahadi, ana adabu lakini anakula haraka mno. Watakuja kwako kutoa taarifa, usiwaonyeshe visu vyote kwa siku moja.

Barua yako nilimsomea Clementi kwenye simu. Nilipofika kwenye mkasi aliomba nirudie. Nilipofika kwenye bisibisi akaniuliza, shangazi, baba alifunikwa shuka la rangi gani? Nikamwambia wewe ndiye uliyekuwepo. Akasema, jeupe.

Akaenda kaburini asubuhi yake pamoja na Stanislausi. Alivyonipigia alisema udongo umetitia upande wa kichwa, wameujaza, ni mvua tu. Nikamuuliza, mvua gani hiyo inayotitisha upande mmoja? Akasema, shangazi, acha iwe mvua.

Stanislausi akachukua simu, nikamuuliza mfuniko alifungaje. Akasema kwa skrubu, mama. Halafu akauliza kama kisu cha mzee Kulwa kina msumeno. Nikamwambia kina vidole kumi na vinne. Alimrudishia Clementi simu.

Sikuandikii mengi. Unajua ninachotaka. Jiwe na nyundo havikosekani kwa fundi viatu.

Dada yako, Mwanaupe.


Bunda, 2 Julai 2023

Kwa Shija,

Salamu kwenu wote. Huyo Fahadi alikuja na Ikhlas. Nilimwonyesha visu vyote kwa siku moja. Alikaa mpaka jioni, hakusinzia hata mara moja, mwozesheni haraka.

Sasa sikiliza na usianze kulia. Ulitoka msumeno. Wiki mbili nzima za mwanzo wa mwezi wa sita, kila siku ya Mungu. Chini ya ule msumari unaokishikilia nikawa nakuta unga wa mbao, mwekundu, unanukia. Mimi sina mbao nyekundu humu ndani. Ubao wangu ni wa kasha la chai. Makoye aliunusa akasema mninga, akaweka kile kiatu alichokuwa anashona akaenda kukaa kwenye kibanda cha mwenzake.

Nilikuwa naufagia tu. Nikawa naurudisha msumeno, naupaka mafuta, maana chuma kikifanya kazi kavukavu kinakufa. Hata kama sijui kazi yenyewe ni ya nani, chuma hakina kosa.

Baadaye likatoka bapa kubwa, lile la kukatia, siku chache. Kisha siku moja nimeamka nikakuta kimejifunga chote, vidole vyote ndani, kimetulia kama kobe. Na mpaka leo hakijafunguka tena. Umeona? Nilijua kitachoka. Mimi sijawahi kushindwa ubishi na mtu, nitashindwa na kitu kinachokaa mfukoni?

Mambo yameisha. Leta mafuta.

Shahidi ni ubao wenyewe, njoo uuone.

Kulwa.


Nyasho, 13 Agosti 2023

Kaka yangu mpendwa,

Salamu, na asante sana kwa kunitembelea juzi. Sikutegemea. Nilikuwa nimekaa barazani nachambua dagaa, nikaona umbo lako linapanda kutoka upande wa barabara, nikasema moyoni, mbishi amepanda basi.

Lakini kaka, umezeeka kwa mara moja. Ulikuwa mkimya kama mtu aliyefiwa upya. Mimi naongea, wewe unatikisa kichwa. Nikikugusa mkono ni baridi, nikasema hii ni baridi ya ziwani, nikakuletea chai. Ukainywa bila sukari. Sukari nimekuwekea pale pale, vijiko vyako vitatu unavyovipenda, hukuigusa. Kama daktari amekukataza mbona hujaniandikia?

Na jambo lingine lazima nikuseme. Nilipoleta mkate ukatoa kile chekundu mfukoni, ukakiweka chini niokote, kama alivyotufundisha baba. Nikakiokota. Kaka, wewe unayetusumbua wote kwa mafuta, kisu kina udongo kwenye maungio yote. Hata sijui kilikataje mkate. Hakikukata, kiliuchana. Nikakwambia hicho kimeisha makali, nenda ukakinoe. Ukaitikia kwa kichwa, na hapo ndipo ulipocheka kidogo.

Ukaondoka bila kuaga. Nilirudi na maji ya kunawa, kiti kitupu. Udongo wa viatu vyako nimeufagia mwenyewe, Ikhlas hakuwepo.

Uliniuliza neno moja tu siku nzima. Sitaliandika, utaona aibu.

Niandikie kama umefika salama.

Mwanaupe.


Bunda, 27 Agosti 2023

Kwa Shija,

Sijatoka Bunda tangu Dotto azikwe. Muulize Makoye, muulize Kwangu, waulize kina mama wa nyanya ambao napita mbele yao kila asubuhi na wananichoka.

Sukari natiaga vijiko vitatu tangu enzi za ukoloni. Hakuna daktari aliyenikataza na akithubutu nitabadilisha daktari.

Na kisu changu hakijawahi kuwa na udongo. Hilo ndilo limeniumiza kuliko yote. Kipo hapa kwenye msumari, nimekishusha, nimekimulika kwa tochi maungio yote, safi. Ulichokiona siyo changu.

Aliyekunywaga chai kavu, bila sukari, katika nyumba yetu unamjua. Jina sitaki kuliandika kwenye karatasi hii.

Niambie mambo mawili. Udongo ulikuwa wa rangi gani. Na aliuliza nini.

Shahidi ni kina mama wa nyanya.

Kulwa.


Nyasho, 3 Septemba 2023

Kaka,

Udongo ulikuwa mwekundu. Siyo mchanga wa hapa kwetu. Ni ule wa Butiama unaoganda kwenye soli.

Na neno lenyewe ni hili. Aliniuliza, "Kulwa anakaa wapi siku hizi?"

Mimi nilidhani ni wewe unanitania, au umri umeanza kukusahaulisha. Ndiyo maana sikuandika, sikutaka kukuaibisha. Nikacheka. Nikamwambia, anakaa Bunda nyuma ya soko, kwa Makoye mshona viatu, mlango wa bluu. Nikamwonyesha hata kwa mkono mwelekeo wa kupanda basi.

Kaka yangu, nimemwelekeza mimi kwa mdomo wangu.

Nimeshasoma Yasini na sijaacha kuisoma. Namba ya Makoye nimepiga, inapokelewa na mwanamke wa Geita. Clementi yuko msibani Tarime, akirudi atanipitia, tutakuja pamoja na Stanislausi Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Ningekuja mwenyewe leo, ila jicho haliniruhusu kupanda gari peke yangu.

Mpaka tutakapofika, lala kwa Makoye, chumba cha mbele. Ukisikia hodi usiitike, hata ukiisikia sauti ni kama yako. Hasa ikiwa kama yako. Na akikuletea kile kisu, kaka, usikinoe. Atakiweka chini. Wewe chukua nyundo ukivunje pale pale mbele yake, aone, apumzike. Halafu vunja na chako. Hicho ndicho tulichopaswa kumpa mwezi wa kwanza. Ukikinoa umempa kazi nyingine, na kazi iliyobaki sioni nyingine isipokuwa wewe.

Mafuta sikuleti. Nimemwaga chupa zote.

Ndugu yako wa tumbo moja, Shija.


Bunda, 15 Septemba 2023

Kwa Shija mdogo wangu,

Salamu. Naona safari hii umesaini Shija, nimefurahi.

Barua yako Kwangu ameileta leo jioni. Gari lake lilikufa njiani, dagaa wote wakaoza, akakaa kwa fundi wiki nzima na barua mfukoni. Usimlaumu. Ameifikisha kavu.

Lakini mgeni alikuwa ameshafika.

Alikuja baada ya soko kutawanyika, jua bado lipo. Alipiga hodi nikaitika, sikuwa nimekusoma bado, na hata ningekuwa nimekusoma ningeitika. Mtu wa themanini na tatu hajifichi chumba cha mbele kwa watu. Makoye alikuwa kibandani, akamwona anapita, akasema, mzee umetoka saa ngapi? Halafu akanisikia mimi nakohoa huku ndani. Amefunga kibanda na kiatu cha mteja kimebaki na sindano. Ndiyo maana leo hatakuwa shahidi wangu.

Nilimwambia karibu. Akakaa kwenye kigoda. Ile suti tuliyomvalisha imekatwa kwa mkasi upande wa shingo, na kucha zake zimeisha. Nikachemsha chai nikampa kavu. Tulikaa, Shija. Hakuna aliyenijua mimi kabla sijawa na jina isipokuwa huyu. Nimekaa na watu wengi tangu Januari, Makoye anaongea tangu alfajiri, lakini leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa na mtu.

Ndipo akatoa kile kisu akakiweka chini.

Shija, kingekuumiza. Mkasi umepinda. Msumeno umekwisha meno. Bisibisi imeviringika kama kidole cha mtoto. Bapa limekuwa butu kabisa, limechimba udongo na mawe, na kutu imeanza kwenye mgongo. Alikuwa ananiangalia tu, kama alivyoniangaliaga tulipokuwa wadogo akivunja kitu.

Na hapo ndipo Kwangu alipopiga kelele uani kwamba ana barua, akaisukuma chini ya mlango akaenda zake. Niliisoma nimekaa mbele yake. Naye alingoja.

Nikachukua nyundo ya Makoye. Nakuambia hili ulijue, nilitii mpaka hapo. Nikaweka kisu juu ya chuma cha kugongea viatu. Nikainua mkono. Nikakuwaza wewe barazani na jicho lako la ukungu, na yale maneno yako ya kubaki Shija wa hewani. Nilishika ile nyundo juu nikimwangalia usoni. Dotto hakusogea wala hakunizuia. Angeniacha nivunje.

Lakini nilimwahidi, Shija. Mbele ya watu wote nilimwambia kikiisha makali niletee. Yeye ambaye hakujua hata kusoma jina lake, amekata shuka, amefungua skrubu, amekata mninga, ametembea mpaka Musoma kuuliza njia, kwa ajili ya neno langu. Kuna mtu gani mwingine aliyewahi kulichukua neno langu kwa uzito huo? Watu wote wananicheka. Huyu alinisadiki.

Nikateremsha nyundo, nikachukua jiwe la kunolea.

Nimekinoa vizuri. Mkasi nimeunyoosha, msumeno nimeutia meno kwa tupa, maungio nimetoa udongo kwa mwiba na kupaka mafuta ya mwisho niliyokuwa nayo. Sasa vyote viwili vimelala kwenye meza hii ninapoandikia, na ukiniuliza kipi ni kipi siwezi kukwambia. Nakiri hata mimi nimevichanganya. Hilo halijawahi kunitokea.

Kesho mkija mtakuta mlango wa bluu umerudishwa tu, na barua hii mezani. Visu vya kwenye ubao ni vya Ikhlas na Fahadi, zawadi ya harusi yao hiyo. Vipakwe mafuta kila mwezi, na kisivunjwe hata kimoja. Simu iko kwenye kopo la kahawa, nimeiwasha ili ufurahi. Cheti changu nakichukua.

Usilie kwamba umemwelekeza wewe. Mimi ndiye niliyemwalika, wewe ulimwonyesha basi tu. Na usimwambie Clementi ajaze tena kaburi kabla hajaangalia.

Mgeni akija kwetu hasindikizwi mpaka mlangoni tu, anasindikizwa mpaka kwake. Baba alitufundisha hivyo wote watatu. Amesimama sasa, ananingoja, na mimi sijawahi kutembea nyuma ya Dotto, kwa hiyo nitatangulia.

Shahidi wangu wa haya yote ni yeye mwenyewe. Kwa kuwa hakusoma, ameweka dole gumba hapa chini ya jina langu. Wino sina wa kumchovya, ametumia udongo aliokuja nao.

Kulwa Mashimba.